Saa Iliyovuka Ruvuma

Naapa kwa mvi zangu chache zilizobaki, haya yote ni kweli tupu. Mwenye shaka apande Newala akaulize, nauli atajilipia mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, mikorosho inachanua, na soko la Masasi limefurika wanunuzi wa dawa. Katikati ya msongamano alisimama Bibiana, mwalimu wa baiolojia kutoka Mkunya, kule Newala, gauni jeusi limemkaa kana kwamba alishonewa akiwa amelivaa. Macho yote kwenye simu. Alikuwa ameomba nafasi Ulaya ya kusomea shahada ya uzamivu, ile ya kuitwa daktari bila kumchoma mtu sindano, na tangu aombe alifungua barua pepe mara nyingi kuliko alivyopumua. Alipochoka kusimama akakalia mfuko wa kwanza aliouona. Mfuko ukapasuka. Salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho, ukaruka mpaka juu ya paa, na watu wa Chilangala huko mbali wakadhani jua limechomoza mara ya pili.

"Dada," alisema mwenye mfuko, kijana mrefu mwenye shati la bluu lililonyooka kwa pasi, "umekalia mtaji wangu."

"Nisamehe, kaka. Nilidhani ni kiti."

"Usijali. Mwaka huu ugonjwa wa mikorosho haukupati."

Jina lake Cuthbert, Mmakua wa Chidya, na Bibiana ni Mmakonde, kwa hiyo utani ulianza kabla vumbi halijatua. Cuthbert akasema Wamakonde hukalia kila kitu isipokuwa viti. Bibiana akajibu kwamba Wamakua hata mifuko yao haijui kubeba mtu wa maana. Cuthbert akamnunulia khanga kwenye kibanda cha jirani ajifunge kuficha unjano. Khanga haikurudi. Namba ya simu ndiyo iliyorudi.

Tangu hapo jioni zikawa zao. Ukungu wa Newala unaujua? Mzito kiasi kwamba mama yake Bibiana huanika nguo juu yake. Bibiana alijilaza kibarazani, simu sikioni, sauti ya Cuthbert ikimjia kama inatoka ndani ya wingu.

"Umekula, daktari wangu?"

"Bado sijawa daktari."

"Na mimi naumwa tangu mwezi wa saba. Sasa nani atanitibu?"

Siku moja barua pepe ikaingia. Chuo kilitaka kumhoji kwa video, Jumamosi saa nane mchana. Pale Mkunya mtandao huja ukijisikia, hivyo Cuthbert akaahidi kumpeleka kwa pikipiki hadi ukingoni mwa uwanda wa juu, ambako mtandao huvuma kama upepo. Lakini jioni ya Ijumaa alisema jambo. "Nikwambie ukweli, Bibi? Kuna upande wangu unaoomba wakukatae." Bibiana alicheka, ila neno likabaki kifuani.

Jumamosi alivaa kitenge cha zambarau, nywele kasukiwa upya. Wakakaa ukingoni, bonde limelala chini yao, Ruvuma inang'aa kama uzi, na Msumbiji ng'ambo imekaa kibuluu kama nchi ya ndotoni. Bibiana simu yake alikuwa ameizima kutunza chaji. Saa waliitazama kwenye simu ya Cuthbert. Ikasema saa saba. Basi wakatafuna karanga bila haraka. Iliposema karibu saa nane, Bibiana akawasha yake. Yake ikasema karibu saa tisa. Chini kulikuwa na ujumbe: wamemsubiri, hawakumwona, wameondoka.

Akatazama simu hii, akatazama ile. Neno la Ijumaa likaamka. Amerudisha saa nyuma, akawaza. Hakugomba. Alisema kichwa kinauma, arudishwe nyumbani, na alipofika akaifungia namba ya Cuthbert. Naye Cuthbert, ambaye ujumbe ule hakuonyeshwa, akajiambia: lazima wamempa chuo hata bila kumhoji, muuza salfa wa nini tena. Alilia, jamani. Alijaza ndoo mbili, majirani wakaja kuomba ya kufulia.

Bibiana aliwaandikia wale wa chuo kuomba radhi, kwamba saa ilimdanganya, akaanza kusubiri upya. Kusubiri huku hakukuwa na sauti ya jioni.

Mwezi wa kumi Cuthbert akaamua kwamba kama ni kukataliwa, akataliwe uso kwa uso. Akatuma habari: Jumapili saa nne asubuhi anakuja na mjomba wake, mzee Mujibu, maana huku kwetu mjomba ndiye mwenye posa. Bibiana akakubali, apate kumkataa mbele ya mashahidi. Mkeka ukatandikwa, mjomba wa Bibiana akavaa koti. Saa nne ikapita. Ilipofika saa tano mjomba akavua koti, akasema amedharauliwa. Ndipo wageni wakaingia, wametulia, wanatabasamu.

"Tumewahi," alisema mzee Mujibu. "Tulipumzika kidogo ukingoni, tusije tukafika kabla ya wenyeji kunywa chai."

"Shikamoo, mjomba," alisema Bibiana. "Mmechelewa saa nzima."

"Marahaba, mwanangu. Saa nzima ipi?"

Mzee akatoa simu: saa nne kamili. Cuthbert akatoa yake: saa nne kamili. Bibiana akampokonya. Juu, mahali pa jina la mtandao, paliandikwa jina la mtandao wa Msumbiji, nchi ambayo saa zake ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kule ukingoni simu ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo ya mto, na mpaka sasa haijauachia. Na hakuna mwanamume anayejirudishia saa siku ya posa yake mwenyewe.

Akakaa kizingitini, akacheka mpaka mashavu yakalowa.

"Cuthbert, siku ile walinisubiri mimi nikila karanga. Nilidhani umerudisha saa kwa mkono wako."

"Mimi nilidhani umepata, ukanitupa." Akainamisha kichwa. "Lakini ule upande ulioomba wakukatae, Bibi, ulikuwepo kweli."

"Bado upo?"

"Upo. Nimeuambia unyamaze."

Bibiana akaandika tena Ulaya, akaeleza habari ya mto na mnara, wakampa siku nyingine. Alihojiwa Masasi, chumba cha nyuma cha duka la Cuthbert, mwenyewe amesimama mlangoni akifukuza wateja. Korosho zilipokuwa zinaanikwa, jibu likaja: amepata, miaka minne. Cuthbert aliusoma ujumbe polepole, akamrudishia simu.

"Nenda," alisema. "Nitakuvisha pete kwanza, halafu nenda."

Siku ya kumuaga, mimi jirani wa kina Bibiana niliwasomea kisa hiki chote, mchana, watu wamejaa uani. Nilipomaliza, Cuthbert akasimama.

"Mzee, mimi ndoo mbili nililia lini?"

Majirani zake wakaulizwa; hakuna aliyeomba maji ya kufulia. Na kwa watani, kama mimi na Cuthbert, anayemsingizia mwenziwe machozi hulipa kuku. Nikaomba ihesabiwe ndoo moja, wakakataa. Nusu ndoo, wakakataa. Bibiana mwenyewe, amevaa koti lake jipya la Ulaya kwenye jua lote lile, akaenda bandani kwangu akachagua jogoo mkubwa. Tukamla hapo hapo. Paja alipewa Cuthbert, akaling'ata mara moja tu, akamtazama mchumba wake, na safari hii yalimtoka kweli. Alisema ni pilipili. Mama mpishi anasema pilipili hakutia.