Shati la Theodori

Jua la Ifakara halina utani. Ukianika kanga asubuhi, kabla maharage hayajaiva jikoni imeshakauka na kukakamaa. Ndiyo maana Paskalina alisimama mbele ya kamba yake ya nguo pale Kibaoni, mikono kiunoni, akilitazama shati la drafti ambalo alilianika jana, na juzi, na bado lilikuwa linachuruzika maji.

Shuka zilizokuwa kando yake zilikuwa kavu. Soksi kavu. Shati lilidondosha tone moja moja, na chini yake udongo ulikuwa umegeuka tope. Alilikamua, akalinusa. Lilinuka kambale.

"Sabuni za siku hizi," akasema, akalifua tena.

Tuseme ukweli, shati hilo halikutakiwa kuwa kwenye kamba ya mtu. Lilitakiwa kuwa majivu. Paskalina alikuwa kiongozi wa kikundi cha parokia kinachotembelea wafungwa katika gereza moja la mashambani, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu utaratibu ule aliuanzisha mwenyewe. Mfungwa asiye na ndugu wala nguo za kutokea akikaribia kutoka, mmoja wa wanakikundi humpelekea nguo. Aliyemvika ndiye anayempokea nyumbani kwake. Siku ya kutoka, mwenye nyumba hupokea kwa mikono yake kila nguo iliyovuka geti la gereza mwilini mwa mtu yule, anasema asante, kisha nguo zinachomwa uani huku kikundi kinaimba. Ya kale yamekwisha, mtu anaanza upya. Watu walilia machozi pale. Wengine walikuja kwa ajili ya soda tu, lakini nao walilia.

Theodori, mfungwa aliyepokelewa na Paskalina mwenyewe, alitoka na nguo alizokamatwa nazo, zilizokuwa zimelala stoo ya gereza miaka yote ya kifungo chake. Suruali ilichomwa. Shati Paskalina alilichopoa kwenye rundo kabla ya kupokea na kusema asante, akalificha chini ya beseni. Kitambaa kilikuwa kizito, kizuri, kimekosa kifungo kimoja tu cha kifuani, na yeye alikuwa mtu wa kuona uchungu vitu vikiharibika. Theodori aliuliza zaidi ya mara moja, sauti ya chini, macho yamemtoka:

"Mama, na shati umelichoma?"

"Nimelichoma, mwanangu. Amani iwe kwako."

Akalala usingizi mzuri tu siku hiyo, mama huyu wa huruma.

Alilitoa shati mafichoni baada ya mwaka na zaidi, na lilipokataa kukauka, akampa mumewe hivyo hivyo likiwa na unyevu. Obadia alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, mtu mpole, mcheshi, mweupe kwa vumbi la pumba kila jioni. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Asante sana, Mama Rosemery. Leo nimekuwa bwana harusi."

Lilikauka mgongoni mwake kabla hajafika barabarani. Paskalina alicheka. Mahali pa kifungo kilichokosekana alikuwa ameshonea chekundu, ndicho alichokuwa nacho.

Kilichoanza ni kiu. Obadia alikunywa jagi la maji mezani, akaomba lingine. Usiku akaamka kunywa, asubuhi akaenda kazini na dumu. Kisha kikaja kikohozi, kikohozi cha maji, na asubuhi moja Paskalina alipofagia chumbani alikuta kando ya kitanda kidimbwi cheusi chenye mchanga laini wa mtoni na jani la nyasi. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Walimpima kifua, wakatikisa vichwa. Obadia akalala kitandani akitetemeka, na hakutaka kuvuliwa shati, alisema ndilo pekee linalompa joto.

Aliogopa, Paskalina. Walikuwa wameoana wakiwa hawana hata sufuria, wakamsomesha binti yao Rosemery mpaka chuo, na katika maisha yake yote Obadia ndiye mtu pekee aliyempenda bila kumtaka awe mtakatifu. Akimpoteza huyo, hakuna kitu.

Mchana mmoja mvua ilishuka nzito, nyumba ikawa na giza, naye amekaa kwenye kigoda anamkanda mumewe miguu. Godoro likabonyea upande wa pili. Alifikiri Obadia amejigeuza, lakini Obadia hakusogea, na kile kibonyeo kilibaki pale, kikubwa, cha mtu mzima aliyeketi, na harufu ya tope na kambale ikajaa chumbani mpaka koo likamwasha, na juu ya kifua cha mumewe, kwenye drafti ile ya bluu, likatokea doa la maji, kisha doa la pili, kisha matano yakiwa yamejipanga, vidole, vidole visivyoonekana vikipapasa kifungo kimoja baada ya kingine kama mtu anayehesabu gizani, vikafika kwenye kile chekundu, vikasimama, vikakizungusha polepole mpaka uzi ukakatika, na kifungo kikaanguka sakafuni, kikabingirika hadi kwenye kidole cha mguu cha Paskalina, na yeye hakuweza kuinuka wala kutaja jina la mtakatifu hata mmoja kati ya wale wote aliozoea kuwataja. Kisha Obadia akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Theo," ikasema, ikigugumia kwa maji. "Usinipige mkono, Theo. Nishike."

Kesho yake alilivua kwa nguvu, akalimwagia mafuta ya taa, akalitia kiberiti uani. Moto ulipanda, ukazima. Shati lilikuwa pale, limelowa chapa, halina hata alama ya moshi. Na Obadia, ndani, alikohoa kwa namna ambayo majirani walitoka nje kusikiliza.

Kwa padri hakwenda. Angeulizwa shati limetoka wapi. Alijitanda kanga mpaka kwenye nyusi, akapanda bodaboda hadi Michenga kwa bibi mmoja mganga aitwaye Mwanasha, ambaye yeye Paskalina miaka yote alimsema vibaya kwenye mikutano ya akina mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Liweke chini, usinipe mkononi," Mwanasha akasema kabla hata mfuko haujafunguliwa. Alilitazama shati kwa mbali, akifunika pua. "Huyu ni wa mtoni. Mtu alizama ameshika shati hili, jini la maji likamchukua, likavaa sura yake. Jini halijui hakimu wala kifungo, mama. Linamjua aliyelishika shati kwa mikono yake akasema asante. Ndiye linayemwita mtoni."

"Mume wangu hajaua mtu!"

"Sijasema ameua. Nimesema amepokea." Bibi alishusha sauti. "Lirudi kwa mwenyewe. Alivae, aingie mtoni mchana watu wakiona, amtaje marehemu kwa jina, aombe. Pengine atatoka, pengine hatatoka. Akipokea mtu mwingine, mumeo atapona, lakini dawa haitakuwa hiyo. Na anayelirudisha kwenye nyumba ileile, asinifuate tena. La mara ya pili halina mganga."

Basi akaenda Mchombe, anakoishi Theodori. Alimkuta akipalilia mpunga na mke aliyemwoa baada ya kutoka, mimba imefika shingoni. Theodori alipoona pindo la drafti ndani ya mfuko, alikaa chini palepale kwenye maji ya shamba.

"Uliniambia umelichoma."

"Nisamehe, mwanangu."

Paskalina akamweleza maneno ya Mwanasha, na Theodori naye akasema kila kitu, kwa kunong'ona, mke asisikie. Yeye na Stanislaus, rafiki yake wa kuvua, waligombana mtumbwini kwa ajili ya wavu. Akamsukuma. Mahakamani alisema Stanislaus alizama moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Stanislaus aliibuka, akamshika shati kifuani, akamwita kwa jina, na yeye akampiga mkono kwa kafi, akampiga tena, mpaka mkono ukaachia na kifungo ukaondoka nacho. Mwili haukuonekana.

Alilia, kisha akajifuta uso kwa mkono wenye tope. "Lilete, mama. Ni langu. Nitalivaa, niingie mtoni."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Paskalina aliutazama. Alimtazama pia yule mwanamke mwenye mimba, akajiambia kuwa hawezi kumfanya mjane, na kujiambia hivyo kulimfariji sana. Lakini moyoni alikuwa anafikiria sherehe ya kikundi iliyokuwa inakuja, wageni kutoka jimboni, na Theodori aliyepangwa kusimama mbele ya kanisa zima kusema kwamba Mama Paskalina ndiye aliyemtoa gizani. Theodori alikuwa tunda lake. Na tunda lile likienda kufia mtoni na siri yake ikitoka, watu wangesema nini?

"Hapana," akasema. "Nitamwachia mganga alimalize huko huko. Wewe lea familia yako."

Jumapili gerezani alichagua. Kulikuwa na kijana aitwaye Marselino, aliyefungwa kwa kuiba mbuzi, mtoto wa wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa kisha wakahama tena wakamwacha. Nguo zake za stoo zililiwa na panya. Hakuwa na mtu wa kumsubiri getini, na hakuwa na mtu wa kumlilia. Ndiyo sababu. Aliyekuwa amepangwa kumvika ni Balbina, muuza maandazi, mwanamke asiye na hila hata kidogo. Wakati wengine wakiimba, Paskalina alilisukuma shati ndani ya mfuko wa Balbina, chini ya suruali.

Alimwona kijana akilitoa, akilikunjua, akilipeleka usoni. Limekauka, halina harufu. Marselino alipiga goti.

"Asante sana, mama. Tangu nizaliwe sijavaa shati zuri namna hii."

"Bwana akubariki," wakaitikia wote, na Paskalina pia.

Aliporudi nyumbani alimkuta Obadia amekaa jikoni anakula ugali na mlenda, anamwaga jasho la afya.

"Nimeshiba maji, Mama Rosemery, sasa nataka chakula!" Akacheka. Baadaye akauliza, "Shati langu liko wapi?"

"Limeibwa kwenye kamba."

"Ah! Jamani. Nililipenda lile."

Siku Marselino alipotoka, Paskalina alisingizia kuumwa kichwa, akabaki nyumbani. Alikuwa anachambua mchele barazani, adhuhuri, anga limetakata, aliposikia ngoma. Kikundi kizima kilikuwa kinaingia uani kwake kwa nyimbo na vigelegele. Theodori, aliyewakuta njiani, mbele anapiga ngoma bila kugeuka nyuma. Katikati Balbina, amemshika mkono Marselino. Kijana alikuwa amekonda, midomo imebabuka, anatembea kama mzee, na nyuma yake vumbi la uani lilibaki na nyayo za maji.

"Ana kiu huyu mtoto!" Balbina akasema kwa furaha. "Njia nzima anaomba maji. Mama Paskalina, umetuweza! Nimelitambua shati lako gerezani, si Baba Rosemery alikuwa akilivaa mashineni? Nikajisemea, mama huyu anatoa sadaka kwa siri, hataki sifa. Sasa sisi utaratibu tunaujua. Aliyemvika ndiye anayempokea. Tumekuletea!"

Sinia la mchele likaanguka. Obadia alikuwa ameshatoka ndani, uso umejaa tabasamu.

"Kumbe hukuibiwa, uligawa! Mke wangu huyu!" akasema. "Karibu, mwanangu. Vua, vua tukupe nguo mpya."

Marselino alivua haraka, kama linamuunguza. Paskalina alifungua mdomo. Kuanzia barazani hadi alipo Obadia ni hatua chache tu, na neno lililohitajika lilikuwa fupi. Lakini uani kulikuwa na macho yote ya parokia.

Obadia alipokea kwa mikono miwili. "Asante sana."

Marselino akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Nimekuwa mwepesi, baba," akasema, kwa mshangao wa kweli.

Ngoma ilikuwa imenyamaza. Theodori alikuwa amelitazama shati, kisha akamtazama Paskalina, na hakuna aliyewahi kumwona mtu amekuwa na rangi ile.

"Mama," akasema mbele ya wote, taratibu. "Hilo si shati langu? Kama ni langu, nipeni. Nipeni mimi, sasa hivi."

Watu wakageuka. Balbina alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa. Paskalina aliona nyuso zao zikimngoja. Akaona jinsi zitakavyobadilika.

"Si lako," akasema. "Linafanana tu."

Theodori aliangusha mikono. Wengine wakacheka kidogo, wakaanza tena kuimba, na mtu akachukua ngoma.

"Na hili haliendi motoni," Obadia akasema, akiwa ameshalivaa. "Hata mkinisema, nilililia hili." Akaanza kulifunga, kutoka chini kwenda juu, akavuka pale kifuani palipokuwa na kifungo chekundu. Hapakuwa wazi. Kilikuwepo kifungo cheusi, sawa na vile vingine, kimelowa, kimeshonwa kwa unyasi wa mtoni.

"Angalia," akamwambia mkewe, akimwonyesha kifua. "Vyote vipo."

Alikohoa kidogo. Akajipangusa mdomo kwa kiganja, akakitazama kiganja, akakificha ili asimtie hofu.

"Mama Rosemery," akasema, "hebu nipe maji ya kunywa."