Upepo wa Ukurasa wa 112

"Bundi, hali ya hewa?"

"Nyuzi thelathini na nane. Upepo hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hata jani halitikisiki, Kanali."

Poliksena Kouvelea, askari polisi, alishusha redio. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya mzeituni, bastola ya Glock 19 ubavuni, darubini ya Zeiss machoni. Ilikuwa saa tisa alasiri, saa ambayo Mani nzima, kusini mwa Ugiriki, hufunga madirisha na kusinzia, na hata mbwa huona haya kubweka.

Chini yake, ghuba ya Asprolithi. Ufukweni, gari-nyumba moja jeupe.

Moja tu, tena Agosti! Ghuba nyingine zote wageni walikuwa wamebanana turubai kwa turubai.

Mungu wangu, asiwepo, aliomba.

Siku tatu nyuma alikuwa amefungua toleo jipya la kitabu cha mumewe, Argiris. Miaka kumi na mmoja Argiris aliwaandikia wenye magari-nyumba habari za hewa na ardhi ya Ugiriki: Aprili njooni Mani kwenye maua, Julai pandeni milima ya Pindo mkajifunike blanketi, Novemba teremkeni kisiwa cha Krete. Poliksena ndiye aliyemshikia futi ya kupima kimo chini ya madaraja na kipimajoto vileleni.

Ukurasa wa 112: *Asprolithi. Agosti msilale hapa. Upepo wa Meltemi huvuma mchana kutwa, utang'oa turubai zenu.*

Uongo mtupu! Meltemi hutoka kaskazini-mashariki, na mlima Taigeto umeikinga ghuba ile kama ukuta. Nani asiyejua? Yeye mwenyewe alilala pale Agosti ile ya fungate, mshumaa mezani, nje, na haukuzimika mpaka asubuhi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alimwambia Kanali kwamba kuna mtu anayewafukuza wageni Asprolithi kwa uongo, huenda anaficha magendo. Nani aliyeandika, hakusema.

Na leo asubuhi Argiris alimbusu, akasema anakwenda Pindo.

Boti ya mpira ilizunguka rasi.

Wanaume wawili walishuka garini na mifuko mizito. Mmoja uliteleza, ukafunguka. Kichwa cha mungu wa marumaru kikabiringika mchangani.

"Polepole, pumbavu wewe! Kina miaka elfu mbili hicho!"

Sauti ile aliijua. Argiris alitoka mlangoni amevaa kandambili za bluu ambazo mkewe alimnunulia.

Poliksena aliuma mkono asilie. Kisha akateremka mbio.

"Polisi! Mikono juu!"

Wa kwanza alichomoa Beretta.

Pa!

Poliksena alimwahi. Beretta ikaruka, mwenyewe akapiga magoti ameshika kiganja. Wa pili alijilaza chini bila kuambiwa. Boti iligeuka kukimbia, ikakutana uso kwa uso na boti ya doria.

Akabaki Argiris, amesimama na mungu wake kifuani.

"Xeni," alimwita kwa jina lake la mapenzi.

"Usiniite hivyo."

"Ni mawe tu, mke wangu. Mani yote si mawe?"

"Mawe ya babu zetu, Argiris. Na kitabu chetu. Wasafiri wazee wanakiamini kile, wanavuka nchi nzima nacho."

"Niache nipande kijia kile. Hakuna aliyeniona." Alikuwa analia. "Kumbuka mshumaa, Xeni."

Redio ilikwaruza.

"Bundi, umewapata wangapi ufukweni?"

Kwa habari alizokuwa nazo, Kanali alitarajia wawili. Neno moja tu, wawili, na jioni wangekula chakula kama jana, yeye akijua na mumewe akijua kwamba anajua. Jamani, mapenzi! Alimpenda, na alimpenda palepale, na kandambili zake.

"Bundi! Wangapi?"

"Watatu," alisema Poliksena.

Alimfunga pingu yeye mwenyewe, polepole, asimuumize kifundo cha mkono ambacho Argiris aliwahi kukivunja wakipima barafu kule Metsovo, milimani.

"Ulijuaje?" Argiris alinong'ona. "Hakuna mgeni ambaye angegundua."

"Mimi ni mgeni?"

Akamkabidhi kwa askari wa doria, akapanda mlima.

Juu, penye njia panda, wazee wawili wa Kidenmaki walikuwa wamesimamisha gari-nyumba lao, kitabu kimefunguliwa mapajani.

"Dada," mama alimwita, "pale chini panapendeza! Ila mwandishi anasema kuna upepo mbaya."

"Amekosea."

"Huyu? Hajawahi kutupotosha hata siku moja!"

Alivaa miwani yake ya Ray-Ban.

"Hata mimi, mama. Subirini nusu saa polisi waondoke, kisha mshuke. Usiku washeni mshumaa, muuweke nje." Alianza kutembea kuelekea gari lake, akasema bila kugeuka. "Hautazimika."