Gari Nyekundu ya Viti Viwili

Posta ya Garissa asubuhi ni vita. Laini ya simu imetoka kwa kibanda ikazunguka mpaka kwa wamama wa miraa, jua linachoma, na kila mtu anaapa ni yeye alifika kwanza. Khadra alikuwa katikati, jilbabu ya zambarau, hina mpya mkononi, amekuja kumpigia kaka yake Nairobi. Basi akasikia sauti anayoijua inatoka kwa kibanda.

Ilikuwa ya Abdiwali. Huyu Abdiwali anampenda Khadra tangu sekondari, na tangu Idi anaahidi kuleta wazee wa posa. Na si mchezo, kwa sababu mzee mmoja wa Bute mwenye lori ashabisha mlango kwa kina Khadra, na baba yake alisema mvua ikinyesha kabla ya wazee wa Abdiwali kuja, atamkubali wa Bute.

"Nimemuona jana, wallahi," Abdiwali alikuwa anapiga kelele kwa simu. "Yeye mwekundu, anang'aa! Yeye mfupi kidogo, lakini mwili yake! Na sauti yake asubuhi... Mzungu alikuwa na yeye kwanza, mimi sijali. Ngoja niuze ngamia, nitamchukua!"

Khadra alivua ndara, akagonga nayo kioo cha kibanda.

"Toka!"

"Khadra? Abaayo, kuna nini?"

"Usiniite abaayo, mimi si dada yako! Huyo mwekundu ni nani?"

"Jibu, bwana!" laini nzima ikasema. Watu walisahau simu zao.

Abdiwali akacheka. Hapo alikosea. "Ni gari! Gari ya michezo, ya yule mzungu wa shirika. Amemuuzia dereva wake, na dereva anahamia Nairobi, ananiuzia mimi."

Sisi watu wa huku Kiswahili chetu kila kitu ni yeye. Mlango ni yeye, sufuria ni yeye. Mwalimu alitupiga mpaka mkono ukamuuma. Kwa hivyo Khadra alielewa, na angeweza kucheka pia. Lakini alisikia neno lingine.

"Ngamia gani utauza?"

Abdiwali akaangalia viatu.

"Abdi. Ngamia gani? Wale baba yako ametenga wa yarad? Mahari yangu mimi?"

"Nitapata wengine, mpenzi. Hujaiona hii gari! Unatoka hapa, unafika Mwingi chai haijapoa!"

"Mwingi kuna nini?" Khadra aliinua ndara tena. "Afadhali angekuwa mwanamke! Mwanamke ningepigana naye. Gari nitapigana nayo vipi, niume tairi?"

Akaenda, hata simu ya kaka hakupiga. Na alikuwa na haki! Niambie wewe, msichana anakataa lori zima kwa ajili yako, halafu wewe unambadilisha na bati lililopakwa rangi?

Jioni Abdiwali alipiga simu duka la jirani yao, Khadra akaitwa.

"Njoo tu uione. Dereva amenipa nijaribu kesho. Ukisema mbaya, naacha."

"Nishasema mbaya."

"Hujaiona, macho mazuri."

"Macho mazuri hata ng'ombe anayo. Kwaheri." Lakini hakukata. "Saa ngapi?"

Kesho yake Abdiwali akaja, jinzi, shati ya hariri, miwani ya jua. Gari ikanguruma kama fisi amekabwa. Kweli ilikuwa nzuri, nisidanganye. Ilikuwa chini hata kuku angeangalia ndani bila kuruka.

Khadra alitoka na shangazi yake, Eddo Bishara, mama mkubwa wa mwili na wa sauti. Msichana hawezi kupanda gari na kijana ambaye hajamuoa, wawili peke yao. Kila mtu Garissa anajua. Abdiwali pia anajua, ila hakufikiria.

Eddo alichungulia ndani. "Viti viwili?"

"Ndiyo, Eddo. Ni ya michezo."

"Wewe unaendesha, mimi nachunga. Msichana ninayemchunga atakaa wapi? Kwa paja langu?"

"Nenda nayo wewe, Eddo," Khadra alisema, baridi kabisa. "Mimi ni wa kubaki. Si amechagua?"

Eddo akasukumwa ndani, magoti yakamfika kidevu. Abdiwali akakanyaga mafuta, mchanga ukaruka wote kwa jilbabu ya zambarau.

Kwa kioo Abdiwali akamuona nyuma. Khadra hakuondoka. Alisimama katikati ya barabara na vumbi lake, anakuwa mdogo, mdogo zaidi, na moshi wa gari ya Abdiwali mwenyewe unamfunika. Akafikiria lori la Bute. Lori lina nafasi.

Hawakufika hata daraja la Tana. Akageuza.

"Imeharibika?" Khadra aliuliza.

"Nairudisha kwa dereva. Wazee watakuja na ngamia wiki hii. Wote."

"Usiniambie mimi! Mwambie baba yangu!" Bado amekasirika, machozi yanachora mistari kwa vumbi la uso. "Na uje na shati la maana!"

"Nitakuja hata na kanzu ya babu."

"Mjinga."

"Mjinga wako."

"Nyinyi!" Eddo akalia kutoka chini. "Mnapendana hapo juu, na mimi nani atanitoa kwa hili kaburi?"

Abdiwali akashika mkono wake mmoja, Khadra akashika ule mwingine, wakavuta pamoja.