Barete ya Mkono wa Kushoto

Jua lilikuwa linatua nyuma ya malundo ya udongo wa mgodi nilipotoka kwenda sokoni, palepale mtaani kwetu Ruashi, kutafuta barete ya kompyuta yangu. Barete ni kile kibao chembamba cha kumbukumbu. Ikiwa ndogo, kompyuta inajikokota, na yangu ilikuwa inajikokota kama mtu anayetafuta kisingizio cha kwenda kulala. Nilikuwa na mialiko ya harusi ya kuchapa, na mama wa bibi harusi alikuwa mtu wa makelele.

Zamani nisingetoka mwenyewe. Mambo ya mashine yalikuwa ya mume wangu Symphorien na mwanetu Michée. Michée ndiye aliyenifundisha kwamba kompyuta inaweza kulazimishwa kukimbia kuliko ilivyotengenezwa: unaingia kwenye ukurasa wa bluu kabla haijafunguka, unapandisha mwendo, unasikiliza feni. "Usiiforcer sana, maman," alikuwa akinionya. "Itachoka."

Wakati wa mvua za mwaka jana baba na mwana walikwenda Kambove kuchimba madini. Shimo likaanguka. Hakuna aliyewatoa, na mimi sikuzika mtu.

Siku za kilio, jirani yangu Mama Mbuyi, anayeuza makaa, aliniinamia sikioni. "Bantu ba mu shimo habakufaka bure, Albertine. Kuko mwenye kubauzisha. Banatumika usiku." Nilimwambia aniondolee upuuzi wake wa wafu wanaouzwa na kufanyishwa kazi usiku. Uchungu niliokuwa nao ulinitosha.

Mafundi wa sokoni walikuwa wamekwisha kufunga. Mwishoni kabisa, karibu na ukuta, palikuwa na meza moja. Mtu aliyesimama nyuma yake alivaa koti la mvua, ingawa mbingu ilikuwa kavu. Alinuka udongo mbichi.

"Barete?" alinong'ona kabla sijauliza.

Alifungua viganja vyake. Kila kimoja kilikuwa na barete, zimefanana kabisa. Nilifurahi, kwa sababu Michée alikuwa akisema barete zinapendeza zikienda mbili.

"Nipe yote mbili."

"Hapana, maman. Moja tu. Chagua."

"Tofauti yake ni nini?"

"Ya kushoto iko ya zamani. Inachokaka, lakini inajua kazi." Akasogeza mkono wa kulia. "Hii ingali kijana. Inakimbia sana."

Kinachokimbia sana huharibika mapema, nilijiambia. Nikachukua ya kushoto. Ilikuwa na joto, kama imetoka mfukoni mwa mtu.

"Ikichoka, usiipe kupumuzika," alisema yule mtu. "Forcer tu."

Nyumbani niliipachika, nikawasha. Kompyuta ilifunguka haraka hadi nikacheka peke yangu. Mialiko ilianza kutoka kwenye mashine ya kuchapa. Kisha mwendo ukapungua... ukapungua tena. Nikazima, nikaingia kwenye ukurasa wa bluu, nikapandisha mwendo.

Feni ikaanza kuhema.

Nasema kuhema kwa sababu sina neno lingine. Ilivuta, ikatoa. Chini yake kulikuwa na mlio mwingine, wa mbali, kama chuma kinachogonga mwamba. Ko... ko... ko... Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumba. Niligusa mwaliko uliotoka, nikakuta karatasi ina unyevunyevu.

Nikasema ni vumbi kwenye feni. Kazi ilikuwa bado, nikapandisha mwendo tena.

Ko, ko, ko, ko.

Halafu ikakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Nimelala nacho miaka mingi. Kinakwaruza mara mbili, kisha kinamalizika kwa mluzi mdogo kooni. Nilimnunulia dawa, nilimgombeza kwa ajili yake, na baada ya Kambove nililia kwa kukikosa.

Wakati huohuo umeme ukakatika. Barabara nzima ikawa giza. Kioo kikazima, mashine ya kuchapa ikanyamaza.

Feni haikunyamaza.

"Symphorien?" nilinong'ona.

Ko... ko... Mlio ukasimama.

"Albertine." Sauti ilitoka chini, ndani ya lile sanduku la chuma. "Polepole... nakuomba. Ninachoka."

Nilikaa sakafuni, nikaliweka shavu langu kwenye chuma. Kilikuwa cha moto. Niliogopa, lakini furaha ya kumsikia ilikuwa kubwa kuliko woga, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka.

"Nani iko nakutumikisha hivi? Niambie jina yake."

Alikohoa kwanza.

"Njo weye."

Mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikipandisha mwendo. Nililia nikiwa nimelikumbatia lile sanduku. Kisha akauliza, kwa upole uleule aliokuwa nao akirudi nyumbani jioni.

"Mutoto iko wapi?"

Ya mkono wa kulia. Ile kijana, inayokimbia sana.

Umeme uliporudi nilishusha mwendo hadi chini kabisa, nikasikia pumzi yake ikitulia. Kulipokucha nilikimbia sokoni bila kufunga kitambaa kichwani. Meza haikuwepo. Nilimuuliza muuza mikate wa kando ya ukuta.

"Ule muntu? Alishaenda. Barete ya pili kijana moja wa ku Karavia aliibeba, alikuya na motokari. Anachezaka game. Aliuliza kama inaweza kukimbia usiku muzima bila kusimama."

"Na yeye alijibu nini?"

"Alisema itakimbia."

Tangu siku ile sichapi kitu. Kompyuta inawaka polepole, bila kazi, na ninaifunika kanga alfajiri kukiwa na baridi. Nikiizima sijui anapelekwa wapi. Mama wa bibi harusi alikuja akapiga makelele yake akaenda zake. Mama Mbuyi ananiletea ugali, anatazama sanduku, haulizi. Na Symphorien kila jioni ananiuliza swali lilelile.

Kwa hiyo jioni nakwenda Karavia, mtaa wa matajiri. Natembea kando ya kuta ndefu, nasikiliza madirisha. Jana, nyuma ya geti moja jeusi, nilisikia feni inayolia kwa kasi hadi inapiga mluzi. Ko-ko-ko-ko-ko, bila nafasi ya pumzi. Kijana mmoja ndani alikuwa anacheka na wenzake. Katikati ya kicheko chao nilisikia mtu akivuta pumzi... pumzi fupi, ya mtu anayejizuia kulia. Michée alikuwa akivuta hivyo tangu utotoni.

Niligonga geti. Mlinzi akafungua kidogo, akanitazama miguuni, kwenye vumbi la Ruashi.

"Maman, uko natafuta nani?"

"Mutoto wangu."

"Anatumika hapa?"

Ndani, mtu akaongeza mwendo.

"Ndiyo," nilimwambia. "Anatumika hapa."