Wangu!

Ajabu ya kwanza ni kwamba dada mtu alikubali kushindwa.

Hamumjui dada huyo ninyi. Mwalimu wa hesabu, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. Tangu utotoni, yeye na mdogo wake, fundi cherehani, walikuwa na mchezo wao: wakipita mtaa wa majengo ya kale hutazama juu kusaka wanyama wa mawe. Simba juu ya mlango wa benki, bundi kwenye kona ya posta, mamba chini ya dirisha. Anayemwona mnyama mpya kwanza hupaza sauti, "Wangu!" Basi, ni wake. Dada alikuwa nao wote, fundi hana hata mjusi.

Alasiri hiyo, chini ya mahakama ya zamani, dada alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mbona leo huangalii juu?" fundi akamtania.

"Shingo inaniuma. Angalia wewe."

Akaangalia. Ukingoni mwa paa alichutama mbwa wa jiwe, ila miguu yake ya mbele ilikuwa viganja vya mtu.

"Wangu!" fundi akashangilia, na mimba yake kubwa vile.

Dada akamkumbatia huku analia. Fundi akadhani ni mapenzi, maskini.

Jua lilipozama, nyumba ya fundi ikaanza kunuka chokaa mbichi. Juu ya bati zikasikika kucha, krr, krr, polepole, kama mtu anayetafuta alichodondosha.

"Ni paka wangu tu huyo," fundi alimwambia mumewe. Kucha zikanyamaza.

Asubuhi paka hayupo. Fundi akamtafuta mtaa mzima, akamkuta mahakamani, juu, jiwe tupu, na sikio lake lile lile lililochanika, mdomo wazi.

Mganga alipoyasikia hayo alifunga mlango kwanza. Akanong'ona: "Jini huyu hana mdomo. Hula kwa mdomo wako. Unachokiita chako, anakichukua. Ulikuwa na nani?"

"Na dada."

"Yeye hakumwona mbwa huyo?"

Fundi akakumbuka shemeji yake, aliyetoweka mwaka jana, watu wakasema kakimbilia kwa mwanamke mwingine. Na dada alivyopenda kujisifu: mume wangu hivi, mume wangu vile.

"Mtoe basi, baba!"

"Hatoki huyo. Hukabidhiwa tu, kwa mwingine kumwita wake, na mtu haingii mtegoni mara mbili."

"Na huyu tumboni?"

"Usimwite wako. Hata umbembeleze, hata augue, usithubutu."

Akatoka pale bila kuaga, akatembea hadi kwa dada, na kila alikopita kucha zilimfuata juu, paa hadi paa, na ile harufu ya chokaa ikamjaa puani, na lile neno, lile neno dogo ambalo kila mama hulitamka bila kufikiri, likawa linampanda kooni, linashuka, linapanda tena.

Dada alifungua mlango, akamwona, akaelewa.

"Ulijua," fundi alisema.

"Nilibaki na binti tu. Ulimi hauna mfupa. Ningeteleza siku moja tu, naye angekwenda."

"Ukaona heri uteleze ulimi wa mwenzio. Na mimba ukaiona."

"Niliiona." Dada akapiga magoti. "Nisamehe. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Mtoto akapiga teke tumboni. Fundi akashindwa hata kumwambia tulia, mwanangu. Hapo ndipo alipoumia kweli: kasalitiwa na mtu aliyemfundisha kutembea. Akainama, akamfuta dada machozi kwa ncha ya mtandio, taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Nimekusamehe," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kusikika hadi juu, "dada yangu."

Dada akainua uso. "Umesema nini?"

Kucha zikavuka bati, krr, krr, zikasimama juu ya kichwa cha dada. Chumbani, binti akauliza, "Mama, nani yuko juu?"