Kopo Chini ya Vitunguu

"Chimba."

Nilikuwa nimesimama katikati ya bustani yangu, saa nne asubuhi, jua linawaka, na mdomo wa bunduki unanigusa mgongoni.

"Shefu, hapo ni vitunguu tu..."

"Apana kule. Hapa."

Akaonyesha kwa kiatu. Tuta la tatu kutoka ukutani, upande wa choo.

Ndugu zangu, hapo nilianza kuhesabu. Nilikuwa na matuta kumi na moja kwenye parsele ile, kiwanja chetu. Askari ambaye hajawahi kukanyaga kwangu alijuaje tuta lenyewe?

Mtu mmoja tu nilikuwa nimemwambia. Mmoja. Na nyumba yake iko nyuma ya ukuta huohuo.

Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa.

Naitwa Houda. Hii ilikuwa Bwiza, Bujumbura, mwaka 1997. Waliokuwepo wanajua. Usiku risasi, asubuhi watu wanahesabu nani hayupo. Juu yake embargo, vikwazo vya nchi jirani. Nyanya na kabichi zilizokuwa zikishuka kutoka milimani hazikushuka tena, maana waliozilima walikuwa wamekimbia au wamekufa.

Mume wangu Massoudi, fundi wa magari, alivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira kutafuta vipuri. Vita vikawaka na huko pia. Miezi mitano, kimya. Sijui yuko hai, sijui nimekuwa mjane.

Nilibaki na mtoto anayenyonya na mama mkwe wangu, Bibi Mwanne.

Nyuma ya nyumba Massoudi alikuwa amejaza mabodi ya magari mabovu. Siku moja nikayaangalia yale machuma, nikaangalia sufuria tupu. Nikayauza machuma karibu yote, nikanunua mbegu.

Sikujua kulima, mimi mtoto wa mjini. Aliyenifundisha ni jirani yangu Marguerite, Mkristo, muimbaji wa kwaya, mwanamke wa kucheka kwa sauti.

"Mbegu ya lengalenga usiizike kama maiti," aliniambia tulipopanda mchicha. "Unaitupia udongo kidogo tu, inajua njia yenyewe."

Alinionyesha kuotesha nyanya chini ya majani ya mgomba, kunyunyiza majivu wadudu wasile, kutunza maji ya kuogea mtoto kwa sababu bomba lilikuwa linatoka siku mbili kwa wiki. Mimi nilime, yeye apeleke soko la Jabe, tugawane nusu kwa nusu.

Wiki ya tatu tulivuna lengalenga. Kufika mwezi wa pili, wanawake walikuwa wanakuja na mabeseni mpaka mlangoni, hata hawangoji soko. Mama mkwe alianza kula kitunguu kibichi na ugali, anatabasamu. Nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu mwanawe aondoke.

Nikapata tamaa. Nikaondoa bodi la mwisho, lile la upande wa choo, nipate tuta jipya.

Jembe likasema kang.

Nikafukua kwa mikono. Kopo la maziwa ya unga, la saizi kubwa, limefungwa kwa mpira wa tairi. Nikafungua.

Grenedi tatu, mabomu ya mkono, zimezungushiwa kitambaa chenye mafuta.

Nilikaa chini kwenye udongo.

Mtaniuliza, si ungeenda kusema kwa askari? Kusema nini? Miaka ile ukisema "nimeziokota kwangu", jibu lilikuwa moja: ni zako. Barabara ya pili kutoka kwetu walikuta moja tu chini ya kitanda. Mwenye nyumba alipandishwa gari, na nyumba ikawaka moto kabla ya saa sita.

Kuzitupa? Kila kona kuna kizuizi. Wanapekua mpaka nepi ya mtoto.

Nikazirudisha. Nikafukia. Nikapanda vitunguu juu yake, kwa haraka hadi miche inavunjika.

Siku mbili sikula. Maziwa yakanikauka kifuani. Kila nikisikia buti barabarani nilikuwa nakimbilia lile tuta na ndoo, namwagilia... kama vile maji yangeweza kuyeyusha chuma.

Marguerite akaniona.

"We Houda, una nini? Tangu juzi unamwagilia pahali pamoja tu. Utaozesha vitunguu."

Nilitaka kusema hakuna kitu. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote.

Kicheko kilimtoka usoni kama mtu amekifuta kwa mkono. Alirudi nyuma hatua mbili, akaacha kapu la lengalenga pale chini, akaenda kwake bila kuaga.

Kesho yake, saa nne, askari wanne wakaingia.

Sasa turudi pale.

Nilishika jembe. Wale askari wakarudi nyuma, mpaka ukutani. Walijua kilichomo. Na mimi nilijua wanajua. Kila nikiinua jembe nilikuwa nafikiri, nikiligonga vibaya, nitapasuka hapa mbele ya mwanangu.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mtoto mapajani, tasbihi mkononi. Ametulia kabisa. Nikawaza, maskini, hajui chochote. Atakufa bila kujua kwa nini.

Nilikuwa naomba kimoyomoyo, Ya Rabi, mlee mwanangu.

Kang.

"Litoe," akasema sajenti, mkubwa wao. "Polepole."

Nikalitoa. Kopo lilelile. Mpira uleule.

"Fungua. We mwenyewe."

Nilifumba macho nikavuta mfuniko.

Hakuna kilicholipuka.

Sajenti akasogea hatua moja. Tena moja. Akachungulia ndani.

"Hii ni nini?"

Nikafumbua macho. Ndani ya kopo kulikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, karatasi zimekunjwa, na bangili mbili za dhahabu.

Sauti iliyojibu ilitoka mlangoni.

"Ni karatasi za parsele, mwanangu," alisema mama mkwe. "Na bangili zangu za harusi. Nyumba zinaungua kila siku. Mutu ataficha vitu vyake wapi, kama si mu udongo?"

Sajenti akamwaga kopo lote chini. Akaamuru wenzake wachome bayoneti kwenye matuta yote, moja moja. Walikanyaga nyanya, wakang'oa biringanya, wakaingia chooni na tochi.

Hawakukuta kitu.

Wakati wa kuondoka aliinama, akaokota bangili, akazitia mfukoni. Karatasi akamtupia mama mkwe.

"Siku ingine ufiche vizuri, mama."

Geti likafungwa.

Hofu ikageuka kitu kingine. Nilishika jembe lilelile nikaelekea ukutani.

"Unaenda wapi?" Mama mkwe akauliza.

"Kwa Marguerite. Aniangalie usoni. Mwanamke nimekula naye sahani moja, ananiuza kwa askari..."

"Kaa chini, Houda."

"Mama, we hujui alichofanya."

"Mi najua. Kaa chini. Ni yeye alizibeba."

Jembe likaniponyoka.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Marguerite aliporudi kwake siku ile alishindwa kubeba ile habari. Akamwambia mumewe, Révérien. Na Révérien akaogopa, na sikumlaumu wakati ule wala leo. Zikikutwa kwetu, mstari mzima wa nyumba ungeungua, yeye na watoto wake ndani. Akasema, asubuhi naenda kuwaambia askari kabla hatujaangamia wote.

Alfajiri, watu walipoanza tu kutoka, Marguerite alikuja mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa nimekesha, nikawa nimezimika kwa usingizi. Alimkuta mama mkwe anamaliza swala.

Wakachimba wawili, kwa vijiko. Marguerite akaziweka grenedi chini ya kapu, juu yake akapanga lile lengalenga nililokuwa nimelivuna jana yake, akajitwika kichwani kama siku zote.

"Alipita kizuizi?" niliuliza.

"Alipita. Ameniambia pale ukutani, alipotoka soko. Askari mumoja akamuomba fungu la mboga. Akashusha kapu, akampa."

Akaenda hadi kwenye nyumba moja iliyoteketezwa mwaka tisini na tano, yenye choo cha shimo refu. Akazitumbukiza moja moja, akaendelea na safari yake ya sokoni.

"Kwa nini hamukuniamsha?"

"Uso wako haujui kusema uongo, mwanangu. Ungejua, macho yako yangeangalia kapu kila akipita mutu."

"Na kopo? Kwa nini hamukulitupa nalo?"

"Askari ameambiwa kuko kopo. Hatoki mu nyumba bila kopo. Basi nikamutilia kitu cha kumushibisha."

Bangili za mahari yake. Miaka arobaini mkononi.

Likabaki swali moja, nililokuwa naogopa kuliko bunduki.

"Mama... nani alizizika pale?"

Alihesabu tasbihi zake kidogo.

"Mume wako. Wanaume wote wa barabara hii walinunua, ule mwaka wa mauaji, tisini na tano. Zilikuwa bei ya bia. Nilimukataza. Akaniambia amezirudisha, nami nikaamini, sababu ni mutoto wangu."

Massoudi. Mtu niliyekuwa namwombea kila swala. Alikuwa ametulaza juu ya kifo miaka miwili, akasafiri bila kusema neno.

Alirudi mwaka uleule, baada ya Julai. Tulizungumza, tulilia, tuliendelea kuishi. Hiyo ni habari ya ndoa yangu, sitaimaliza hapa.

Marguerite hakuja kwetu siku nane. Siku ya tisa nikaenda mimi. Nilimkuta anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nilimwambia kwa sababu nilishindwa kulala," alisema. "Nilifikiri nikisema, kifua kitapungua."

Nikakaa kando yake, nikavuta sinia, nikaanza kuchambua naye.

"Na mi nilikuambia kwa sababu hiyohiyo, dada."

Tulilima pamoja miaka kumi na minne baada ya hapo. Révérien hakuwahi kujua mkewe alibeba nini kichwani asubuhi ile. Kila tulipokutana alinisalimia akiangalia chini. Alifariki mwaka jana. Baada ya matanga Marguerite akaniambia, sasa andika, watoto wajue.

Basi nimeandika.

Mliosoma hadi hapa, najua mmeshaanza kumtafuta msaliti. Hata mimi nilimtafuta, jembe mkononi. Lakini siri ile ilikuwa nzito, nikamtwika jirani ili nipumue mimi. Yeye akamtwika mumewe. Mumewe akawatwika askari. Kila mmoja alikuwa anatafuta usingizi tu.

Kabla hujamwambia mtu jambo la kuua, muulize moyo wako: unamwambia akusaidie, au unamwambia muogope wawili?

Na ukishamtwika, halafu akaanguka nalo... usimwite adui haraka. Huenda tayari amerudi kuliokota, na anapita nalo kizuizini peke yake.