Kavinya Aingia Peke Yake

Nthambi anauza nyanya katika soko la Muthurwa, Nairobi. Jioni akirudi nyumbani Mbotela, hata kabla ya salamu, humsogelea bintiye Kavinya na kumwekea sikio mgongoni. Anasikiliza kifua.

"Mum, niko sawa."

"Sijauliza. Nasikiliza tu."

Kavinya ana miaka kumi na saba. Amekuwa na pumu tangu utotoni. Inhela yake, ile ya kuvuta dawa kifua kikibana, hukaa kwenye mkoba wa mama. Ilianza kukaa humo Kavinya alipokuwa mdogo, mtoto wa kupoteza hata kiatu kimoja njiani. Sasa hapotezi kitu, lakini inhela haijahama. Nthambi akienda sokoni, nayo inaenda sokoni.

"Wiki ijayo tunaenda kwa Daktari Magan," Nthambi akasema jioni moja.

"Mimi siendi," Kavinya akajibu. "Ile ni kliniki ya watoto! Mara ya mwisho nilikalia kiti chenye picha ya sungura. Magoti yalifika kidevuni. Mama mmoja akaniuliza mtoto wangu yuko wapi."

Nthambi alitaka kucheka, lakini moyo ulimuuma. "Daktari Magan ndiye aliyekuokoa. Leo unamwonea haya?"

Kavinya akainuka kuosha vyombo. Hakusema kwamba amekuwa akikohoa usiku, akijiziba mdomo kwa blanketi ili mama asisikie.

Jumamosi Nthambi alienda sokoni kama kawaida. Kavinya akatoa godoro nje, akalikung'uta. Vumbi likamwingia. Kifua kikaanza kupiga filimbi, kisha pumzi ikawa ngumu. Alikimbilia ndani kutafuta inhela, akakumbuka iko Muthurwa, akatoka tena kutafuta msaada.

Jirani yao Wacera, Mama Kim, ambaye ni nesi, alimkuta ameketi kwenye ngazi akihema. Hakupoteza muda. Alimketisha wima, akaita gari, akampeleka kituo cha afya kilicho karibu. Huko akavutishwa dawa ya mvuke kwa mashine.

Alipopigiwa simu, Nthambi alifika mbio, nyanya ameziacha kwa mwenzake. Akafungua mkoba. Inhela ilikuwa humo, chini ya leso. Akaishika mkononi, akalia bila kujificha.

"Mama Kim, nilikuwa namchunga," alimwambia Wacera.

"Najua, Mama Kavi. Tena umemchunga vizuri. Lakini dawa ya haraka hukaa na mgonjwa mwenyewe. Huyu ni mkubwa."

Kavinya akamshika mama mkono. "Mum, nimekuwa nikikohoa usiku. Nilikuficha. Sikutaka kurudi kwa sungura."

"Kwa hivyo nimpeleke kwa daktari wa watu wazima kesho?" Nthambi akauliza.

"Pole pole," Wacera akasema. "Hakuna siku moja inayowafaa wote. Wengi huhama wakifika miaka kumi na minane au zaidi kidogo. Hospitali nyingine huwahamisha mapema, kwa hivyo uliza. La muhimu ni awe tayari. Anajua jina la dawa yake? Anaweza kueleza ugonjwa wake bila wewe?"

Nthambi akamwangalia bintiye. Hakujua. Hakuwahi kumpa nafasi ya kujieleza.

"Basi aanze kujifunza sasa, akiwa bado kwa daktari aliyemzoea. Na asiache dawa hapo katikati, wala asiachane na daktari huyu kabla ya kumpata mwingine."

Wiki iliyofuata walienda kwa Daktari Magan. Daktari akamuuliza Kavinya, "Kifua kinaendeleaje?"

"Tunakohoa usiku," Nthambi akajibu.

"Pole, mama. Na wewe pia?" daktari akauliza akitabasamu.

Wote watatu wakacheka. Kisha akamwomba Nthambi, kwa heshima, asubiri nje kidogo. "Msichana wa umri huu ana maswali yake," akasema. "Anayoniambia nayatunza kama siri, ila tu kama maisha yake yako hatarini."

Tangu siku hiyo Kavinya alibeba inhela yake mfukoni. Alijifunza kuvuta ile dawa nyingine ya kila siku, ya kuzuia kifua kisibane, bila kukumbushwa. Kikohozi cha usiku kikaisha. Alipofikisha miaka kumi na minane, Daktari Magan alimwandikia daktari mpya historia yake yote, kisha akamwambia, "Nitakukumbuka, lakini sitaki kukuona hapa." Nthambi alimshukuru hadi sauti ikakatika.

Katika kliniki mpya, viti vilikuwa virefu na havina picha. "Kavinya Muoki!" mhudumu akaita. Nthambi akainuka. Kavinya akamtazama. Nthambi akaketi tena. Ilikuwa vigumu. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, akauona mwepesi mno.

Kavinya alipotoka, mama aliuliza haraka, "Amesema nini?"

"Kifua ni safi. Dawa ni zile zile. Mengine ni yangu na daktari."

Nthambi aliutia mkoba begani. "Haya," akasema.

Wakatoka hadi nje ya geti. Kavinya akasimama, akamgeuzia mama mgongo katikati ya watu.

"Mum, sikiliza."

Nthambi akaweka sikio. Hakusikia filimbi, ni pumzi tu ya bintiye, ikiingia na kutoka.